Nafasi Alizoziacha Profesa

Nilisafiri kwa sababu kitabu cha mwisho cha mwalimu wangu kilikwama kwenye sura moja.

Profesa aliumaliza umri wake akichunguza jinsi watu wanavyosimulia maisha yao. Waandishi wengi wa rika langu tumepita mikononi mwake, na sharti lake tulilijua: maisha ya mtu hayachapwi mpaka asomewe mwenyewe, kwa sauti, nyumbani kwake, naye akubali. Alifariki akiwa amebakiza msimulizi mmoja, Koko Naserian, yaani Bibi Naserian kwa Kimaasai, wa Nainokanoka, Ngorongoro. Mswada nikakabidhiwa mimi. Koko akikataa, sura yake inatolewa, na sura hiyo ndiyo roho ya kitabu.

Kansay, kijijini kwa Profesa, alfajiri. Mama Paskalina, mjane wa Profesa, alinifungia viazi vya kuchemsha na kunitupia shuka nzito mabegani.

"Huko juu kuna baridi, mwanangu. Na urudi na jibu zuri. Nimeshawatangazia watu kwamba Jumapili utatusomea kanisani."

Kwenye lango la hifadhi, askari aliniuliza kama nakwenda kuona faru.

"Nakwenda kumsomea bibi kitabu."

"Eh! Hiyo ndiyo mpya," akasema, akacheka mpaka akaegemea kizuizi.

Ukingoni mwa kreta ukungu ulikuwa umefunika kila kitu. Watalii walipiga picha weupe mtupu. Landrova yetu ilipita taratibu, taa zikiwaka, nami nimeupakata mswada kama mtoto mchanga.

Nainokanoka, saa nne. Koko alikuwa ameketi juu ya ngozi mbele ya nyumba yake, kando ya wanawake wawili waliokuwa wakitunga shanga. Niliinamisha kichwa, akanigusa utosini. Mjukuu wake Nashipai, mwalimu wa shule ya msingi, alikaa kati yetu ili atafsiri. Nikaletewa maziwa.

"Unalamba kama paka," Koko alisema kwa Kiswahili. "Yule wa Kansay alimaliza kibuyu."

Nikaanza kusoma. Lazima nikiri jambo hapa. Profesa alikuwa ameacha nafasi tupu katika mswada, pale yalipostahili kuwapo majina. Nilidhani kifo kilimkatiza. Nikapekua madaftari yake ya zamani, nikayapata majina, nikaziba kila pengo, na kazi hiyo nikajivunia sana.

Nilipolisoma jina la mume wa Koko, shanga ziliacha kugongana. Koko aliinua mkono. Nashipai hakutafsiri.

"Dada, umemtaja marehemu," alininong'oneza. "Kwetu jina la aliyekufa halitamkwi."

Koko alinigeukia. "Yule wa Kansay alipokuwa akinirudia maneno yangu, akifika hapo alinyamaza. Anavuta pumzi, anaendelea. Wewe hukukaa darasani kwake?"

"Nilikaa, Koko."

"Basi ulisinzia. Toa kalamu."

Nikayafuta majina yote mbele yake, moja baada ya jingine, kisha nikarudi ukurasa wa kwanza. Safari hii nilinyamaza kila nilipofika kwenye nafasi. Kengele za mbuzi zilisikika. Mmoja wa wale wanawake alifumba macho, nikajua kwamba na yeye ana mtu wake pale.

Karibu na mwisho, Koko anasimulia siku mgeni mwenye daftari alipofika bomani kwake. Hapo Profesa alikuwa ameandika jina lake mwenyewe, maana alikuwa hai. Nililiona. Nikavuta pumzi. Nikanyamaza, kisha nalo nikalifuta.

Koko aliitikia kwa kichwa polepole. "Sasa ni yangu," alisema. "Ichapeni."

Jumapili, Kansay. Hapa majina ya marehemu huandikwa kwenye misalaba na kutajwa katika misa, kwa hiyo niliwaeleza kwanza desturi ya kina Koko ya kutotamka jina la aliyekufa. Nilipofika kwenye nafasi ya Profesa, kanisa zima lilitulia. Wakulima wenye udongo mwekundu kwenye viatu, wazee waliochunga naye ng'ombe utotoni. Mama Paskalina alikaa wima kabisa.

"Nimemsikia," aliniambia mlangoni, akanishika mikono.

Wiki mbili baadaye mchapaji alinipigia simu Dar es Salaam. Alikuwa na wasiwasi. "Sura ya mwisho ina mapengo. Kuna maneno yamedondoka?"

"Hapana," nikamjibu. "Hapo ndipo alipo mwalimu wangu. Usipazibe."