Kamishna Juu ya Tangi

Kila maonyesho ya wilaya, huko Dakota Kaskazini, Marekani, kamishna wa kodi hukaa juu ya tangi la maji, tai shingoni. Ukiipiga kwa mpira shabaha iliyo kando yake, kibao alichokalia hufyatuka naye huzama. Alipokuwa seneta wa jimbo hakupata foleni ya watu kama hii ya kumzamisha, inayofika mpaka banda la nguruwe. Huibuka akicheka, hupangusa miwani, hupanda tena. "Mnarusha kama mnavyolipa," huwachokoza, "shingo upande!"

Bibi Solveig, mwenye miaka themanini, alikuwa ameingoja zamu yake tangu kodi ipande. Akarusha kwa nguvu zote. Mpira ukadondoka miguuni pake. Kamishna akaziba pua, akajitosa mwenyewe, chubwi.

"Umedanganya wewe," bibi akasema, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Sijadanganya, bibi. Wazee wana msamaha."