Nguo ya Mtungi

Siku ile jikoni tulikuwa wanne: Mpishi Mkuu, Mama Zena wa mboga, Issa wa chapati, na mie. Ilikuwa kantini ya kiwanda, Chang'ombe, siku yangu ya kwanza kazini. Wazazi wetu walikuwa wamefariki na wadogo zangu wananitazama mie, nikaacha shule kabla ya kumaliza darasa la saba. Sare sikuwa nayo. Nilijifunga khanga kiunoni.

Chai ya saa nne ilikuwa bado haijatoka. Niliinama kufikia sufuria ya nyuma, ncha ya khanga ikaangukia moto wa mbele. Mama Zena akapiga kelele. Mpishi Mkuu aliuzima ule moto kwa viganja vyake vitupu, akafunga gesi, ndipo akaitazama mikono yake.

Alipopona kiasi cha kurudi kazini nilimuuliza nitamlipa nini.

"Unilipe mie? Kwa mikono hii nitapokelea wapi?" Issa akacheka, naye mwenyewe akacheka. Kisha akasema, "Mfundishe atakayekuja nyuma yako. Asipoungua, tumemalizana."

Alinifundisha mengi. Mishikio ya sufuria igeukie ndani. Mafuta yakishika moto, zima jiko, funika kwa mfuniko, maji usiyaguse. Ukimaliza kupika, funga kwenye mtungi kwanza, ili gesi iliyobaki ndani ya mpira iishe kwa kuungua. Kila ukibadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye regulata, yaani kile kichwa cha kupunguza nguvu ya gesi, na kwenye mpira wote. Povu likitoa mapovu makubwa, panavuja.

Baadaye nilihamia ukumbi wa harusi, Kinondoni. Meneja alinikuta nimechuchumaa na bakuli langu la povu. "Mama, unapika au unafua? Maharusi wako mlangoni." Vijana wa jikoni walicheka, na tangu siku hiyo wakaniita Mama Sabuni. Niliwafundisha hivyo hivyo wakicheka. Sijui nani alishika nini.

Rehema, kitinda mimba wetu, niliyemlea kwa mshahara wa kantini, aliolewa Goba. Alikuwa fundi wa kufuma. Viti vyake vilikuwa na vitambaa, redio ina kitambaa, na mtungi wa gesi aliufumia gauni jeupe lenye marinda mpaka sakafuni. Kila nilipokwenda nililivua, nikamwonyesha mpira ulivyoanza kupasuka.

"Dada nawe! Mtungi uchi mbele ya wageni?"

"Badilisha mpira basi."

"Nitabadilisha." Nikitoka tu, gauni linarudi.

Gesi ni nzito, hutambaa chini. Usiku mmoja ilivuja ndani ya marinda yale, madirisha yamefungwa kwa ajili ya mbu, na harufu ikanasa karibu na sakafu. Asubuhi Rehema aliwasha kiberiti achemshe chai.

Yu hai. Vidole vyake vimeshikana, kikombe anashikiwa na bintiye, Asha. Nilistaafu mwaka ule ule ili nikae karibu naye. Watu husema nimefanya kazi ndefu na nzuri. Mie nikiangalia ile mikono naona nilizungumza na kuta.

Wiki iliyopita niliingia nikamkuta Asha mlangoni na sindano ya kufumia, uzi mweupe mapajani. Nyuma yake mtungi mpya, mpira mpya.

"Shikamoo, mama mkubwa. Gauni la mama liliungua, nafuma jingine."

Nilimtazama Rehema. Alikuwa anamwelekeza binti yake kwa kidevu, wapi azidishe vishimo vya urembo.

Mpishi Mkuu tulishamzika. Nilichota maji, nikachanganya sabuni, nikachuchumaa kwenye mtungi.

"Asha, njoo uone."

"Nimalize mstari huu kwanza, mama mkubwa."

Povu likakauka mkononi mwangu. Nikachanganya jingine.