Siku Niliyomtukana Mzee Chini ya Tai

Nina aibu kuandika hii, lakini hasira yangu ni kubwa kuliko aibu, basi nitaandika. Jumatano ile, katika bustani karibu na kwetu Ganshoren, mtaa wa Brussels, mzee mmoja Mzungu mwenye darubini aliweka kidole mdomoni kumwambia binti yangu anyamaze, na hapo uvumilivu wangu ukakatika.

Maana mtoto alikuwa ameshanyamazishwa vya kutosha. Grâce ana miaka sita. Alhamisi iliyotangulia alisema darasani ameona tai wa kichwa cheupe juu ya mti, yule mkubwa wa Amerika aliye kwenye kitabu chao. Mwalimu akamsimamisha mbele ya wenzake aombe msamaha kwa uongo, kisha akaandika kwenye daftari: "Anadanganya. Mzungumze naye." Nami (nilikuwa nasonga bukari, mkono mmoja kwenye mwiko, mwingine kwenye kalamu) nikatia sahihi bila kumuuliza mtoto hata neno. Nikasema tu, "Grâce, acha uongo, unanipatisha haya." Tangu hapo hakuongea tena, si shuleni si nyumbani, ukimwuliza kitu anatazama viatu.

Donc, basi, Jumatano, siku ambayo shule inafungwa mchana, nikampeleka bustanini nimwonyeshe kwamba hakuna tai, tumalize. Tulipofika chini ya miti akafungua kinywa kwa mara ya kwanza: "Maman, ni ile pale!" Ndipo yule mzee akaweka kidole chake.

Nikalipuka kwa Kiswahili, kwa sauti ya sokoni (sisi wa Katanga hapa Brussels tunajiona kama Kiswahili ni chumba chenye mlango, tunasengenya watu ndani ya tramu bila wasiwasi): "Huyu muzee kichwa kama yai, hana kwake? Nani alimutuma kufunga mutoto yangu kinywa?"

Mzee akashusha darubini.

"Kwangu niko nako, maman," akasema, Kiswahili cha Likasi kabisa, kama aliyezaliwa kwetu Katanga. "Na hii kichwa, ni Mungu alinipa. Lakini sema polepole, ile ndege iko juu yako."

Nikainua macho. Tai. Kichwa cheupe, mdomo wa manjano, kamba ya ngozi inaning'inia mguuni. Alikuwa ametoroka kwenye maonyesho ya ndege, na mfugaji wake alikuwa amepiga magoti nyuma yangu na glavu na nyama, tangu asubuhi anambembeleza ashuke. Bustani nzima ilikuwa imenyamaza kwa ajili hiyo, isipokuwa mimi. Nikapiga yowe. Tai akafungua mabawa, akapita juu ya nyumba, akapotea.

Mfugaji akatupa glavu chini. "Madame, wiki nzima namtafuta!" Watu wote wakanigeukia, sikujua uso niuweke wapi. Nilimwomba mzee msamaha kwa Kiswahili, kwa sababu ndicho nilichomtukania.

Grâce akanivuta sketi. "Uliiona, maman?"

"Niliiona."

"Basi utamwambia mwalimu?"

Kesho yake nilipeleka malalamiko ya maandishi kwa mkurugenzi wa shule, pamoja na picha ya tai ambayo mzee alikuwa ameipiga kabla ya yowe langu, akanipa, nikidai mwalimu amwombe Grâce msamaha mbele ya darasa lile lile. Chini yake niliandika kwamba mimi mama yake pia nilimwita mwongo kabla ya kumsikiliza, na sitarudia. Mkurugenzi akasoma, akaniambia sentensi hiyo inadhoofisha malalamiko yangu, afadhali niifute.

Nikamwambia aiache, apige muhuri.