Kiti cha Mbele

Dada yangu akija kutoka Dar es Salaam, mama hupona. Miguu ile ninayoikanda mimi kila jioni kwa maji moto na chumvi, siku hiyo inamfikisha mpaka barabarani kumpokea. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Mbona mimi mwenyeji mwenzake nazidi kuugua?

Mwaka jana alikuja na gari, akasema tumpeleke mama akaone tena bonde la Pangani, kwenye kambi ya mkonge alikofanya kazi marehemu baba na tulikozaliwa sote wawili. Tukaondoka Misima asubuhi. Mama mbele. Mimi nyuma na ndizi, dumu la maji na fimbo yake. Nilinuna, sifichi.

Milima ya Usambara ilipojitokeza, mama akafunguka. Akasimulia walivyokuwa wakifua mtoni huku mmoja akichungulia mamba, na baba alivyorudi jioni mikono imechomwachomwa na miiba ya mkonge. Dada anacheka, "Ehe, mama, halafu?" Mimi nimekaa na mama miaka yote na sijawahi kuyasikia hayo. Kwangu mama huongea dawa na kuni. Roho iliniuma, jamani.

Kambini nyumba zimebaki kuta tu. Mama akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mfenesi, akapiga chini kwa fimbo. "Kitovu chako kilipodondoka nilikizika hapa," akamwambia dada. Dada akalia, akachota udongo akaufunga kwenye leso. Nikangoja zamu yangu. Haikuja.

"Na changu je, mama?"

"Chako hakiko hapa."

Nikasema moyoni, haya, hata hicho nimenyimwa!

"Wewe nilikuzaa kazi imeshamwishia baba yako, tunafungasha," mama akasema. "Cha dada yako nilikizika kwenye ardhi ya watu, ndiyo maana hatulii. Kwako sikurudia kosa. Nilikifunga kwenye pindo la khanga mpaka Misima, nikakizika nyuma ya jiko. Nikasema, huyu atabaki na mimi."

Alisema kwa fahari, kama mtu anayekupa zawadi. Dada akaniangalia, akashusha macho. Nami nilimwonea wivu kuliko siku zote: ule udongo wake angeondoka nao popote.

Wakati wa kurudi mama akasema leo atakaa nyuma na mwanawe. Yaani mimi. Dada akanifungulia mlango wa mbele, mama akasema, "Aa, nani atanikanda?" Basi nikapanda nyuma, akaniwekea miguu mapajani, nikaanza kuikanda. Hata Korogwe hatujafika, amelala.

Kiti cha mbele kilikuwa kitupu. Nilikitazama mpaka Misima.