Mzani Niliouazimisha

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Bariadi, nilikabidhiwa vitu viwili: mashine ya kuchapa iliyokosa herufi moja, na mzani wa kuning'inizia watoto. Nilikuwa nimetoka kidato cha nne, nikaandikwa karani wa kitengo kidogo cha afya ya watoto. Bariadi ilikuwa bado wilaya tu. Biashara ilikuwa imefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wamejaa vijijini na mizani yao, na ofisi kama yetu, zilizozoea kungoja bajeti ya serikali, zikaambiwa zijifunze kuomba.

Kuomba huko kulikuwa ufundi. Mkuu wetu, Daktari Mratibu, mama mfupi mwenye sauti kubwa, alinieleza mapema: "Kijana, hawa wafadhili hawatoi fedha za kumaliza utapiamlo. Wanatoa za kujaribu wazo moja dogo. Likishika, ndipo unaomba kubwa."

Wazo lake lilikuwa uji wa michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, uliochanganywa na karanga za kusaga, kwa watoto wanaoachishwa ziwa. Maombi yenyewe tuliyaita andiko. Ndani yake zilitakiwa takwimu za awali: uzito wa watoto kabla ya uji, kuonyesha kwamba tatizo lipo. Andiko lisilo na takwimu, alisema, ni hadithi.

Nikapelekwa wilaya za jirani: Lalago, kisha Bukundi. Mimi nilipima, muuguzi wa zahanati akaandika. Unatundika mzani kwenye boriti, unaning'iniza kaptula ya kupimia ikiwa tupu, unarudisha sindano ya mzani kwenye sifuri, ndipo unamvisha mtoto. Wengi walilia. Mmoja wa Lalago alinikojolea begani, mama yake akacheka hadi akakaa chini. Niliipenda kazi ile kuliko nilivyojua.

Kosa nililifanya Lalago. Nilipanga kwa mzee mmoja mkulima wa pamba, aliyeamini kila mnunuzi anamwibia. Msimu ulipofika akaniambia, "Bhabha, niazime huo mzani wa watoto, nijue ukweli kabla sijaenda kwao." Nikacheka, nikampa. Akatundika gunia zito ambalo chombo kile hakikutengenezwa kulibeba. Uliporudi, sindano haikukaa tena kwenye sifuri. Nikaikaza kwa skrubu, ikatulia, nikanyamaza. Nikaendelea kupima.

Bukundi, wiki ya mwisho kabla ya maombi kufungwa, mama mmoja, Nkwimba, alikataa kumteremsha mwanawe mgongoni.

"Mwangaluka, mayu," nikamwamkia mama yule kwa Kisukuma.

"Mwangaluka. Huo mzani ni ndugu wa ule wa pamba?"

Kina mama kwenye benchi wakaangua kicheko.

"Huu ni wa serikali, mayu. Una muhuri."

"Hata ule wa pamba una muhuri." Akanisogezea ndoo yake tupu. "Pima maji kwanza. Ukisema kweli kwa maji, nitakupa mtoto."

Muuguzi wa pale, aliyekuwa mtu mzima na mchache wa maneno, akainuka na jagi la lita moja. "Lita kumi za maji ni kilo kumi, karani. Tundika."

Nikatundika ndoo tupu, nikairudisha sindano kwenye sifuri. Akamimina jagi kumi, akihesabu kwa sauti. Sindano ikapita kumi, ikapita na kumi na moja.

"Wale wanapunguza, ninyi mnaongeza," akasema Nkwimba. "Mwanangu ameshiba kwenye kadi ya kliniki, nyumbani analia njaa."

Muuguzi akaanza kufunua daftari, ukurasa kwa ukurasa, akitazama majina ya watoto tuliowaandika wazima.

Nilipanda lori la pamba hadi Bariadi. Andiko lilikuwa mezani, limechapwa, likingoja basi la asubuhi la Mwanza.

"Mzani umeharibika lini?" Daktari Mratibu akauliza.

Ningeweza kusema sijui. "Nilimwazima mwenye nyumba wangu, apimie pamba."

Alivua miwani. Nikakimbilia kusema, "Daktari, tunaweza kupunguza kilo moja kwa kila mtoto."

"Chombo kibovu hakikosei sawasawa, kijana. Kwa wengine utakuwa unabuni. Toa kurasa zote za takwimu. Kisha chapa sababu."

"Niandike sababu gani?"

"Hiyo uliyoniambia."

Niliichapa, herufi iliyokosekana nikiijaza kwa kalamu. Baada ya miezi jibu likaja: wazo zuri, takwimu hazipo, ombeni tena. Hatukuomba tena. Daktari alihamishwa, kitengo kikaunganishwa na kingine, na mkataba wangu ukaishia hapo. Kazi ya ofisi nikaistaafu hapo, bado kijana. Tangu hapo nimezunguka Kahama, Geita, Sengerema, nikiuza mitumba, nikitunza stoo za watu, sidumu mahali. Sijapata tena kazi ya kunifanya niisubiri Jumatatu.

Mwaka jana nilipita Bukundi kwa bodaboda. Ilikuwa siku ya kliniki, nikasimama mlangoni. Muuguzi kijana alitundika ndoo kwenye mzani, akamimina maji kwa jagi, akitazama sindano. Kina mama walingoja kama watu waliozoea.

"Hiyo ya nini, dada?" nikamuuliza.

"Kabla ya watoto tunapima maji. Ndivyo nilivyoikuta."

"Na uji wa michembe na karanga, mnawapa?"

Akanitazama kama anayejaribu kukumbuka. "Uji gani huo, baba?"

Nikamweleza jinsi ya kuuchanganya. Alisikiliza kwa adabu, kisha akamwaga ndoo na kumwita mtoto wa kwanza.