Mashahidi Watatu wa Njia ya Kasugho

Nilirudi Butembo, mashariki mwa Kongo, katika miaka ya vita nikiwa na shahada ya chuo kikuu, mashati mawili, na imani kwamba uvumi ulikuwa unatuua kuliko risasi. Chama kidogo cha raia kilinikabidhi jarida lake la kurasa mbili, lililobandikwa kila Ijumaa kwenye milango ya makanisa, ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti bila ubaguzi. Ukurasa wa kwanza niliujaza tafakari zangu juu ya haki. Hakuna aliyeusoma. Watu waligeukia moja kwa moja kisanduku cha ukurasa wa pili, kilichosema barabara ipi i wazi na ipi imefungwa, kisha wakaenda zao. Niliumia, lakini kwa staha.

Kisanduku hicho nilikiwekea sheria kali: habari haiingii mpaka mashahidi watatu wakubaliane. Maneno ya sokoni sikuyahesabu. Sikusoma miaka mitano ili nije kunukuu wauza mihogo.

Ijumaa moja asubuhi, mama aliyenipangisha chumba alikuwa amekwisha kufunga kikapu chake. Binti yake alikuwa ameolewa huko Kasugho, naye alikuwa karibu kujifungua mimba ya kwanza, na kwa desturi ya nyumba ile mama ndiye anayempokea mtoto. Nilimzuia mlangoni.

"Mama, njia ya Kasugho imefungwa. Ninao mashahidi watatu."

Alikitazama kikapu, akanitazama mimi, akaketi. Aliniamini. Hilo ndilo lisilonitoka moyoni.

Kesho yake alirudi kutoka sokoni akipumua kwa hasira.

"Weye, monsieur le licencié, mutu ya université! Bamama ba Kasugho biko ku soko na mafuta yabo ya mawese. Balifika jana. Njia gani ilifungwa?"

"Labda walipita msituni, mama."

"Na bidons ishirini ya mafuta? Nani alikuambia?"

"Padri."

"Padri hapana kufika Kasugho tangu Noeli. Yeye nani alimuambia?"

"Alisikia kwenye phonie."

Phonie ni redio ya kuzungumzia, chombo ambacho parokia na wafanyabiashara walikitumia kwa kuwa simu hatukuwa nazo. Kila mwenye chombo huwasikia wote, na kusikiliza mambo ya wengine kulikuwa nusu ya chai ya asubuhi.

"Na wa pili?"

"Dereva aliyetoka Beni."

"Beni! Kasugho iko ngambo ingine kabisa, papa. Na wa tatu?"

Wa tatu alikuwa mwendesha phonie wa duka la jumla, mtaa wa pili. Mama alinishika mkono wa shati na kunivuta hadi kwake. Kijana yule, vifaa vya kusikilizia vikiwa shingoni, alicheka mpaka akaegemea meza.

"Mais mama, ni yeye! Siku ya tatu ya juma alikuja hapa, aliuliza batu ba phonie ya Beni: 'Ni kweli njia ya Kasugho imefungwa?' Batu bote ku phonie balisikia. Tulisema, kama mwenye gazeti anauliza vile, donc iko kitu."

Ilikuwa kweli. Lori la Kasugho lilikuwa halijaonekana siku mbili, nami, kwa bidii ya kitaaluma, nikauliza. Swali langu lilipanda hewani, likamfikia padri, likamfikia mtu wa Mavivi, karibu na Beni, aliyemsimulia dereva, kisha likanirudia limevaa suti, nami nikalipokea kama mgeni. Lori lilikuwa limevunjika springi.

Mama hakungoja nimwombe radhi. Alipitia kikapu chake, akaondoka na wale wauza mafuta.

Mwenyekiti wa chama alikataa tujisahihishe hadharani. Gazeti lenye kujikana, alisema, halina heshima. Jumapili nilizunguka makanisa na kalamu, nikaukata mstari ule, nakala moja baada ya nyingine. Mzee mmoja aliyetoka misa alinitazama nikifanya hivyo.

"Donc ile muliandika juu ya njia ya Kayna, ile pia ni uongo?"

Nilifunika kalamu, nikaenda kanisa lililofuata.

Mama alirudi baada ya wiki mbili. Mjukuu ni mzima, alisema, ni mvulana. Alizaliwa siku moja kabla yeye hajafika.

"Mama mukwe wa binti njo alimupokea mutoto. Atanisimulia ile mupaka nikufe."

Niliomba radhi kwa maneno mazuri niliyoyaandaa.

"Pardon ile hapana yangu. Utaipeleka kwa binti, na miguu."

Nilikwenda, siku mbili za matope. Binti alinitazama kutoka kwenye mkeka, mtoto akinyonya.

"Weye njo ulifunga njia?"

Nikakubali. Hakunikaribisha kuketi. Mama mkwe peke yake ndiye aliyenipokea kwa furaha. Alinishukuru mara tatu mbele ya wote, akanichinjia kuku, na akasimama mlangoni kuhakikisha ninammaliza.