Maboya ya Ndala

Asubuhi ile niliondoka mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, bila kujua ninakokwenda. Nilikunja shuka, nikatia shati langu la pili na mswaki kwenye begi, nikamrudishia muuza chai kikombe chake. Basi. Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimelala katika miji mingi kiasi kwamba kuhama si jambo la kujiandaa nalo. Naamka tu, naona miguu imeshaamua.

Mwenyekiti wa kikundi chetu cha kulinda ziwa alikuwa tayari kwenye meza ya kupimia samaki. Alikuwa anaifuta kwa kitambaa, ingawa hapakuwa na samaki aliyewekwa juu yake tangu jana.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Unaondoka?"

"Naondoka."

Hakuuliza kwa nini, wala kwenda wapi. Alisugua ubao wa kupimia, ule wenye alama za rula, akapitisha kidole kwenye alama ya hamsini. "Mama yako yuko stendi tangu alfajiri," akasema. "Kama unapita huko, msaidie mzigo."

Alimaanisha mke wake. Vijana wote wa mwalo ule tulimwita mama. Watu wazima walimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, kama ilivyo desturi, na waliendelea kumwita hivyo hata baada ya huyo mwana kuzama. Jina lenyewe silitaji hapa. Mwaloni lilikuwa likitajwa kila siku, na kila lilipotajwa nilimwangalia usoni kuona kama linamuuma. Aliitika tu.

Nilimkuta stendi ya Chato, kwenye benchi, kiroba kikiwa mapajani.

"Unakwenda wapi, ng'wana wane?" Hivyo ndivyo alivyotuita, kwa Kisukuma, kila mmoja wetu mwanawe.

"Sijajua bado."

"Basi twende Tinde, kwetu. Nibebee hiki. Ila usikiweke chini."

Nilikipokea. Kilikuwa chepesi kama kimejaa makapi. Sikuuliza kina nini, maana yaliyomo tuliyakata pamoja, mimi na yeye, tumekaa mchangani.

Nilikuwa nimefika mwaloni pale miezi kadhaa nyuma, nikitokea Bugarama. Huko nilikuwa naosha mchanga wa dhahabu, mchanga ambao wengine walishauosha, na nilipochoka kuona tope nikasema nikaone maji. Nilipenda kuuliza maswali, na Mwenyekiti alikuwa mtu wa kujibu. Kwa nini sangara asiyefika sentimita hamsini haruhusiwi? Kwa sababu hajazaa hata mara moja. Kwa nini dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa mpevu? Kwa sababu taa hazina nguvu mbele ya mwezi, na ziwa nalo lipumzike. Na ile ghuba yenye maboya mekundu? Mazalia. Haingii mtu. Baada ya wiki mbili za maswali akanikabidhi ule ubao. "Afadhali upime," alisema, "kuliko kunihoji."

Kazi ilikuwa rahisi, isipokuwa watu. Mtumbwi ukifika, natoa sangara mmoja mmoja, naweka mdomo kwenye kigingi cha ubao, nanyoosha mkia, nasoma. Wadogo wanatengwa. Wavuvi walinizunguka wakinishauri.

"Mnyooshe vizuri huyo, amejikunja kwa baridi."

"Hajajikunja. Ndivyo alivyo."

"Na wewe je? Siku ukipimwa wewe, utarudishwa ziwani." Maana mimi ni mfupi. Walicheka, na mimi nikacheka, lakini samaki wao walibaki walipotengwa.

Kile kilichowauma zaidi hakikuwa ubao. Kilikuwa nyavu. Kuna wavu unaitwa timba, wa uzi mmoja unaong'aa kama kioo. Ukiwa majini samaki hauoni, na hauchagui mkubwa wala mdogo. Umekatazwa. Kikundi kikiukamata unachomwa hapohapo ufukweni mbele ya kila mtu. Kabla ya kuuchoma tulikata maboya yake kwanza. Hilo halikuwa agizo la serikali bali la wanawake wa pale, kwa sababu wavuvi huchonga maboya kutoka kwenye ndala kuukuu, na moshi wa ndala ukipita juu ya dagaa walioanikwa, dagaa hao hawanunuliki. Kwa hiyo tulikaa na visu, tukakata vipande vya ndala, tukavirundika pembeni, na wavu ukachomwa peke yake.

Mtoto wa Mwenyekiti alivua kwa timba. Haya niliyasikia, sikuyaona. Yalitokea kabla sijafika. Baba alimkataza, wakagombana, kijana akawa anaulaza wavu wake mbali na nyumbani na kuondoka kabla ya watu kuamka. Siku moja upepo uliligeuza ziwa. Mtumbwi ulipatikana chali. Wavu ulipatikana umenasa kwenye mawe, na ndani yake mlikuwa na samaki. Yeye hakupatikana. Walimtafuta mpaka watu wa visiwani wakachoka kuulizwa.

Mama yake aliuomba ule wavu. Aliuosha, akautandaza kwenye uzio nyuma ya jiko, na pale ulikaa. Mimi nilipofika nilidhani ni wa kuzuia kuku wasiingie kwenye mchicha. Niliwahi kumkuta amesimama karibu nao, anachambua majani makavu yaliyonasa, jani moja moja, bila haraka. Hakukuwa na kaburi, kwa hiyo hapakuwa na pa kwenda kufagia. Palikuwa na pale nyuma ya jiko tu.

Mwalo mzima ulijua. Na Mwenyekiti alijua kwamba mwalo mzima unajua. Aliwachomea watu nyavu zao akarudi nyumbani kula chakula kilichopikwa hatua chache kutoka kwenye timba. Hakuna aliyesema neno. Watu wetu wana adabu kwenye msiba, hata pale msiba unapovunja sheria.

Kisha ukaja msimu wa mvua, samaki wakaingia ghubani kuzaa, na doria ya serikali ikaja kusaidia kikundi kukagua nyumba kabla watu hawajashawishika kuwafuata humo. Tulipita mlango kwa mlango. Kwa mvuvi mmoja mwenye watoto wengi tulitoa timba mbili chini ya kitanda. Hakubisha. Alizibeba mwenyewe mpaka ufukweni, akazitupa, akajifuta mikono kwenye kaptula. Halafu akamgeukia Mwenyekiti, wala hakupaza sauti.

"Mwenyekiti, na ule wa nyuma ya jiko?"

Palikuwa na watu wengi, na wote wakamgeukia Mwenyekiti. Mkuu wa doria, kijana mgeni, akauliza jiko gani. Mwenyekiti akaangalia chini, akasogeza mchanga kwa kidole cha mguu.

"La kwangu," akasema. "Twendeni."

Mke wake alikuwa anachambua dagaa kwenye ungo. Alituona tukiingia kundi zima, akamwona mume wake mbele, akaweka ungo chini.

"Shikamoo, mama," mkuu wa doria alisema.

"Marahaba, baba. Mmekuja kuuchukua."

"Mama, wavu huu hauozi. Ukirudi ziwani unaendelea kuvua hata kama mwenyewe hayupo."

"Najua," alisema. "Ulipoletwa ulikuwa na samaki."

Yule kijana hakuwa ameambiwa chochote. Alitutazama mmoja mmoja, akitafuta wa kumweleza, na aliyemweleza ni mvuvi yuleyule aliyeuliza. Alimvuta pembeni, wakanong'ona. Mkuu wa doria aliporudi alikuwa ameishika kofia mkononi. Akamwambia Mwenyekiti kwamba yeye angeweza kusema hakuuona.

Mama alimtazama mume wake. Nadhani kama angesema neno moja pale, lolote, mambo yangekuwa mengine. Lakini alisubiri tu, na mumewe naye akawa kama anasubiri kitu. Mwishowe Mwenyekiti akaenda kwenye uzio, akaanza kuufungua wavu taratibu, fundo baada ya fundo, asiuchane.

Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuuacha, maana mkuu wa doria alishamwachia. Alinijibu, "Ningeuacha, kesho ningempimia nani samaki wake?"

Ufukweni nilitoa kisu ili nikate maboya kama kawaida. Mama akaja, akakaa mchangani, akanyoosha mkono. "Leta kisu kingine," alisema. Tukakata wote wawili, nyavu nyingine zikiwa zimesharundikwa, watu wakisubiri. Maboya yalikuwa ya rangi tofauti. Yeye aliyajua.

"Hili la ndala zangu za kwendea sokoni. Hili lake mwenyewe. Hili..." Aligeuza kipande cha bluu ambacho bado kilikuwa na tundu la kupitisha kamba ya ndala. "Hili la baba yake. Alitafuta ndala moja siku nzima, akamsingizia mbwa wa jirani."

Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yetu na kiberiti.

"Kumbe ni yeye," akasema.

"Ni yeye," mke wake akajibu, bila kugeuka.

Walicheka kidogo, wote wawili, na kwa muda nikadhani mambo yatakuwa sawa. Kisha tulimaliza kukata, na Mwenyekiti akawasha. Timba haiungui kama kuni. Inajikunja, inajivuta ndani, inakuwa donge jeusi. Mama alikusanya maboya yote kwenye kiroba cha unga, hata yale ya nyavu nyingine yaliyochanganyika, kwa sababu yalishachanganyika, akaondoka nayo.

Tangu siku hiyo kila nilipomlaza samaki kwenye ubao nilijikuta nasoma namba bila kuziona. Ndiyo sababu miguu iliamua.

Basi lilipokuja, utingo alitaka kiroba kiende kwenye buti. Mama akakataa.

"Kina nini humo, mama, dhahabu ya Geita?"

"Ndala."

Abiria wakacheka. Mmoja akasema asiuze zote, ampunguzie pea moja. Mama naye akatabasamu kwa heshima, akapakata kiroba chake, tukaondoka. Tulipita Bwanga, tukapita Runzewe. Pale Ushirombo walipanda wanawake waliovaa vitenge vya kwaya, wakitoka kuzika au harusini, sikuweza kutambua, maana nyimbo zao zilikuwa za furaha na macho yao mekundu.

Karibu na Kahama ndipo aliponiambia anachokitaka.

"Nataka nimweke mahali," alisema. "Kule ziwani siwezi kukaa nikitazama uzio. Nimempigia kaka yangu. Nimemwambia achimbe, pale walipo wazee wetu."

"Akasemaje?"

"Amesema kaburi halichimbwi bila mtu. Amesema ndala si mtu." Akasogeza kiroba kidogo, kama anayemlaza mtoto vizuri. "Nimemwambia nakuja hivyohivyo."

"Na akikataa?"

Alitazama nje, kwenye majaruba ya mpunga yaliyojaa maji, maji mengi ya kina kifupi ambayo hayawezi kumzamisha mtu.

Tulishuka Tinde jua likiwa limeshaegemea. Kando ya barabara, mbele ya magunia ya viazi, alisimama mwanamume mwenye mvi ameshika baiskeli. Walifanana pua. Mama alipiga goti kidogo kumsalimu, wakasalimiana Kisukuma kirefu, wakaulizana ng'ombe, mvua, watoto, kila kitu isipokuwa kile. Mimi nilisimama na kiroba mikononi. Sikukiweka chini.

Mwishowe yule kaka akanitazama. "Ndicho hicho?"

"Ndicho," mama akasema.

Alikuja, akafungua mdomo wa kiroba, akaingiza mkono. Alitoa kile kipande cha bluu, au kingine kama hicho, sina hakika. Kilikuwa na tundu. Akapitisha kidole gumba kwenye tundu, akakigeuza, akakitazama chini palipolika kwa kisigino. Magari makubwa yalipita, na kila moja lilitupulizia vumbi, naye hakupangusa uso.

Hakusema kama atachimba. Alikirudisha kile kipande, akafunga kiroba kwa fundo, akakichukua kwangu kwa mikono miwili. Hakukifunga kwenye keria ya nyuma, ambako tayari alikuwa ameandaa mpira wa kufungia. Alikiweka juu ya kiti cha baiskeli, akakishikilia kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine akashika usukani. Akaanza kutembea akiisukuma. Hakupanda.

Mama alinishika bega. "Ubaki salama, ng'wana wane." Kisha akawafuata, kaka yake na kiroba. Njia ilikata katikati ya mashamba, na niliwatazama mpaka sikuweza kutofautisha yupi ni yupi.

Nilitafuta pa kulala. Nyumba ya wageni ya kwanza ilikuwa imejaa madereva. Ya pili ilikuwa na chumba kimoja, nyuma, karibu na tangi. Mwenye nyumba, mama mnene mwenye sauti ya chini, akaniuliza niko na nani.

"Peke yangu."

"Unatoka wapi?"

"Ziwani."

Akanusa hewa, akatabasamu. "Ndiyo maana. Unanuka samaki, mwanangu. Bafu lile pale, nakuletea maji ya moto."

Alileta ndoo, akaiweka mlangoni, akaenda zake. Nilikaa kitandani nikaitazama ikitoa mvuke. Mikono yangu ilinuka sangara, na chini ya sangara, mpira wa ndala. Nilikaa hivyo mpaka maji yakapoa.